Mwana Wetu Hadi Penalti ya Tano

Jana jioni pale uwanja wa Nyamagana, Mwanza, tulikuwa tunapanga wapigaji wa penalti. Winga wangu wa kulia, yule ambaye mama yake ni wa Sengerema na baba yake Mholanzi, akaniuliza: "Kocha, nikikosa wataniita mzungu tena?" Nikamwambia aweke mpira apige, maneno baadaye. Hiyo baadaye sijaifikisha. Badala yake usiku kucha nilikuwa nawaza banda umiza la Mabatini, banda letu la kutazamia mpira, Julai 11, 2021.

Fainali ya Euro, Italia na Uingereza, pale Wembley. Kwetu mpira ulianza saa 4 usiku. Kiingilio kilikuwa kimepandishwa na mabenchi yalijaa hadi watu wakakalia ndoo. Shaw wa Uingereza alifunga dakika ya 2, Bonucci wa Italia akasawazisha ya 67, ikawa 1-1. Muda mfupi baadaye Bukayo Saka, winga wa Uingereza, akaingia, na muuza sangara mmoja wa soko la samaki la Mwaloni akasimama mbele ya televisheni: "Ng'wanawane huyo, yaani mwanangu kwa Kisukuma! Damu ya Afrika hiyo, sasa mtauona mpira!" Banda zima likamkubali Saka kama mtoto wa jirani, ingawa amezaliwa London na asili ya wazazi wake ni Nigeria, mbali kabisa na ziwa letu.

Ikafika mikwaju. Rashford na Sancho wa Uingereza waliingizwa mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza, kwa ajili ya penalti tu. Aliyewahi kufundisha mpira anajua ubaya wake: mguu umekaa benchi saa mbili, haujagusa mpira wa kutosha, haujajua nyasi zinashikaje. Rashford alisitasita njiani, Donnarumma, kipa wa Italia, akaangukia upande mwingine, goli likabaki wazi, mpira ukagonga nguzo. Sancho naye alisitasita. Safari hii kipa akausoma mchezo, akaokoa. Pickford, kipa wa Uingereza, akampangua Jorginho wa Italia, uhai ukarudi. Yote yakamwangukia Saka katika penalti ya tano, kijana wa miaka 19 ambaye hakuwahi kupiga penalti katika mechi ya wakubwa.

Kutoka duara la kati hadi alama ya penalti ni mita kama 40. Mpigaji anazitembea peke yake, na ndipo penalti nyingi hupotea, kabla mpira haujaguswa. Saka aliuweka mpira, akarudi nyuma, akavuta pumzi. Akakimbia, akaupiga kwa mguu wa kushoto kuelekea kushoto kwa kipa, mpira ukaenda kwa kimo cha kiuno. Hicho ndicho kimo ambacho vijana wangu nawakataza kila wiki. Ukipiga chini kabisa karibu na nguzo, kipa anachelewa kushuka. Ukipiga juu ya bega, mkono haufiki kirahisi. Kiunoni anajirusha tu na kunyoosha mkono, na Donnarumma ana mita 1.96. Akaupangua. Kisha akaondoka golini bila kushangilia, maana hata yeye hakuwa amejua kwamba kombe ni lao.

Bandani hakukuwa na muda wa kumhurumia mtu. "Mnaijeria anajua nini penalti?" Ni yuleyule wa Mwaloni. "Hapo angepiga Mwingereza mwenyewe!" Watu wakacheka, wakaafiki. Jorginho, mzaliwa wa Brazili aliyekosa penalti ambayo ingemaliza mechi, alibaki kuwa Mtaliano safi usiku ule. Novemba, alipopaisha penalti dhidi ya Uswisi pale Roma, ndipo nikaanza kusikia "yule Mbrazili".

Asubuhi zikafika habari za matusi ya kibaguzi waliyotupiwa Rashford, Sancho na Saka mitandaoni. Mwaloni kulichafuka. Kwa nini wanamtukana mtoto wetu? Akishinda wao, akikosa sisi? Hasira ilikuwa ya haki kabisa, na aliyepaza sauti kuliko wote, huku akipima samaki, mnamjua.

Mwezi uleule mcheza tenisi Naomi Osaka, mama Mjapani, baba Mhaiti, aliwasha mwenge wa Olimpiki Tokyo. Siku nne baadaye akatolewa kwenye tenisi na Vondroušová wa Czech, 6-1, 6-4, na kwao wakatokea wa kuuliza kama ni Mjapani kweli. Lukaku alishayaandika haya mwaka 2018: akifanya vizuri ni mshambuliaji wa Ubelgiji, akiharibu ni mwenye asili ya Kongo. Nasi Januari 2024, Taifa Stars walipopigwa 3-0 na Morocco kule San Pédro, nilisikia lawama wakibebeshwa "hawa wa kuzaliwa Uingereza", wakati aliyetolewa kwa kadi nyekundu hakuwa mmoja wao.

Kwa hiyo nimwambie nini kijana? Apige chini, karibu na nguzo? Hilo nalijua. Lile lingine halina mazoezi.

Julai 2024 Saka aliisawazishia Uingereza dhidi ya Uswisi kule Düsseldorf, kisha akafunga na penalti yake. Muuza sangara akanigeukia: "Si nilisema huyu ni ng'wanawane?" Ulimi uliniwasha kumkumbusha ya Wembley, lakini kiingilio changu cha siku ile alikuwa amelipa yeye.