Saruji ilikuwa inaula ukuta wa kanisa
Gofu hili la kanisa la karne ya 13 liko Uskoti, na mawe yake ni ya mchanga. Yalikuwa yameliwa yakabonyea, saruji iliyotumika baadaye kuziba nafasi kati ya mawe ikabaki imetokeza kama mbavu. Saruji haipitishi unyevu, basi maji hutoka kupitia jiwe. Chumvi na barafu humalizia.

Niliing'oa saruji hiyo kwa tindo na nyundo tu (msumeno wa umeme huchubua jiwe), nikalowesha nafasi, nikashindilia chokaa ya haidroli (inayoganda kwa maji) kipimo 1 kwa mchanga wa chengachenga 2.5. Kisha magunia mabichi juu yake, kila siku, maana chokaa ikikauka upesi huwa unga.

Kichwani mwa ukuta nilitandika nyasi na udongo wake kuukinga. Baridi imepita; ukiikwaruza chokaa kwa ukucha, haimeguki.