Jino, Peasi na Joka la Togakushi

Jino lilianza kuniuma ndani ya basi kutoka Nagano, Japani, kwenda Togakushi, saa nzima ya kona za milimani. Nauli ilikuwa ghali kuliko nilivyotarajia, hivyo kurudi sikutaka.

Kutoka barabarani hadi Okusha, hekalu la ndani kabisa, ni kilomita 2 hivi kwa miguu. Katikati unapita lango jekundu lililoezekwa kwa nyasi nene, na majani mabichi yameota juu ya paa. Ukilivuka inaanza mierezi ya zaidi ya miaka 400, mikubwa, pande zote mbili. Watu walishusha sauti bila kuambiwa.

Okusha yenyewe ni ya zege, nikavunjika moyo. Ile ya zamani ilibomolewa na maporomoko ya theluji. Lakini hadithi yake ni tamu: Amaterasu, mungu wa jua, alijifungia pangoni kwa hasira, dunia ikawa giza. Miungu wenzake wakafanya shangwe na ngoma nje mpaka akachungulia, ndipo Tajikarao, mmoja wao, akaung'oa mlango wa jiwe na kuutupa mbali. Ulipoanguka ukawa mlima huu wa Togakushi.

Jirani yake ni kihekalu cha Kuzuryu, joka la vichwa 9, mwenye maji na mvua. Nilikuwa nimelishika shavu. Bibi mmoja mzee akanitazama, akaligusa la kwake, akazungumza kwenye simu ya kutafsiri: joka hili huponya meno, na linapenda peasi. Anayeumwa hulitolea, naye mwenyewe huacha kuzila. Akatoa peasi moja kwenye mfuko, ya mviringo, ya rangi ya mchanga, akaifuta kwa leso, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Mimi ni Mwislamu. Sikuweza kulitolea joka kitu, na kuukataa mkono ule pia sikuweza. Nikamwomba aiweke yeye. Hakukasirika. Aliinama mara mbili, akapiga makofi mara mbili, akainama tena.

Nikamkumbuka nyanya yangu wa Kinondo, pwani ya Kenya, asiyekosa swala hata moja, lakini hupita kando ya kaya, msitu mtakatifu wa huko, kwa sauti ya chini. Nikamweleza bibi yule kwamba kwetu pia kuna msitu wa wazee, na huingii bila kujifunga kaniki.

"Na humo ndani mnapeleka nini?" akauliza.

Nilikaa kimya. Nyanya hakuwahi kuniambia, nami sikuwahi kumuuliza.