Siku moja maishani mwangu: mpiga picha wa dirishani, Mji wa Kale

Saa 1 asubuhi. Nafungua madirisha kabla ya mlango. Studio yangu ni chumba cha juu kabisa katika nyumba ya zamani ya Mji wa Kale, Mombasa, na flashi situmii. Dirisha la mashariki saa hizi linamwaga jua kali hadi mezani, nalifunika kwa shuka jeupe. La kusini, linalotazama kichochoro, ndilo linalonilisha.

Vitabu vya upigaji picha vya Ulaya husifu dirisha la kaskazini, maana kwao jua la mchana halipiti huko. Ukivifuata hapa vitakupoteza. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta: kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita kaskazini yetu, kisha hugeuka. Sasa ni Julai, kusi linavuma, na dirisha la kusini halipigwi na jua kutwa nzima. Desemba shuka litahamia huko.

Saa 3. Picha za paspoti mfululizo. Pazia jeupe, tazama mbele, usicheke, haya mwingine. Ndizo zinazolipa kodi ya chumba.

Saa 4 na nusu. Anapanda mzee mmoja, fundi cherehani aliyestaafu, na mjukuu wake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Hili ua nilishike vipi?"

Ameshalitoa ua la plastiki kwenye chupa. Namwomba alirudishe. Wateja nawaambia mapema waje na kitu cha kazi yao, maana mbele ya kamera mtu hajui mikono aipeleke wapi. Mjukuu anatoa futi ya kupimia nguo mfukoni. Mzee anaitupia shingoni bila hata kuitazama, mabega yanashuka, uso wa kazini unarudi.

Mtihani ni kanzu. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso unazama gizani. Ukipimia uso peke yake, darizi za shingoni zinapotea. Kwa hiyo namgeuza: kifua kilipe dirisha kisogo, uso ulirudie. Upande wa pili nimetundika buibui kuukuu, linyonye mwanga unaoruka kutoka ukutani, makunyanzi yapate kina. Mjukuu hajapendezwa. "Mbona wamzeesha?" Mzee anacheka, nami nabonyeza.

Saa 6 na nusu mchana. Saa hii simpi mtu hivi hivi. Jua limevuka paa letu, linapiga ukuta wa jirani ng'ambo ya kichochoro, na ukuta unanirudishia mwanga mpana, laini. Bahati nzuri umepakwa rangi ya maziwa. Zamani ulikuwa kijani, na kila mteja alitoka kama aliyeshuka boti na kichefuchefu.

Mama na bintiye wamevaa leso za doti moja, nyekundu. Binti anataka pazia la waridi. Nateremsha la kijivu, nyekundu isipate wa kushindana naye. Leso naishusha kidogo kutoka shingoni, kwani nyekundu hurusha rangi yake kidevuni. Na jina, yale maneno ya leso, lazima lisomeke lote. Pindo likijikunja herufi mbili zikapotea, wanawake wa mtaa watauliza zimefichwa kwa nini.

Mama ameleta picha ya marehemu mamake, ameketi kando ya redio, anataka pozi lile lile. Redio ninayo, bovu. Enzi hizo vitu kama hivyo mara nyingi vilikuwa vya studio. Mpiga picha Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, aliwaazima wateja redio, saa na suti, akawapiga uani kwa mwanga wa jua, shuka la kitanda chake likiwa pazia. Baadaye alizikadiria tarehe za picha kwa kutazama shuka lililo nyuma. Mimi sioni ubaya wa kuazima. Ubaya ni kitu kukaa pichani bila mtu kukigusa. Binti namwambia ashike kitufe cha kutafutia stesheni.

Saa 9 na nusu. Wingu, manyunyu, mwanga umekatika nusu. Kamera juu ya stendi, lenzi iwe wazi 1/30 ya sekunde, na ukijitikisa picha inakoroga. Mtu mzima hutulia, mtoto wa miaka miwili hatulii. Nawaomba wazazi wamrudishe kesho asubuhi.

Saa 11 jioni. Mwanga uliobaki ni wa anga tupu, una ubuluu. Kila mteja huanza kwa kushika kadi ya kijivu, na kwenye kompyuta ndiyo inayonirudishia rangi mahali pake. Bibi harusi wa wiki jana ameandika WhatsApp: nimng'arishe kidogo. Nampigia.

"Dada, nikiipandisha ngozi, hina inafifia nayo."

Kimya. "Yote?"

"Hadi vidole."

"Basi iache."

Kesho saa 4 anakuja muuza kahawa. Nimemwambia alete dele na vikombe vyake vyote, makaa ayaache chini.