Siku moja maishani mwangu: mwanafunzi wa Dar, duka la majaketi, Moshi "iliyopoa"

Nikisema nasoma Moshi, washkaji wa Mbagala jibu lao ni moja tu, pole. Eti kumepoa, eti saa tatu usiku hata mbwa wamelala, huko unafanya nini zaidi ya kula ndizi. Haya, nawaandikia jana yangu, tarehe 4 Desemba, msome wenyewe. Niko mwaka wa pili uhasibu na mchana napiga deiwaka kwenye duka la kukodisha vifaa vya kupandia Mlima Kilimanjaro.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla sijapiga mswaki nachungulia dirishani kama mlima umetoka. Umetoka, kilele cha Kibo cheupe kabisa maana vuli haijaisha. Mwaka wa kwanza nilikuwa napiga picha kila ukitoka, siku hizi nauangalia kwa shida zangu, asubuhi ikiwa safi kuna matumaini nguo zikauke.

Saa moja hadi saa nne kipindi, mizania, usingizi, chapati mbili na chai. Imeisha hiyo.

Saa nne na nusu niko dukani. Watu wanadhani kazi yangu ni kukaa kaunta napokea dola za wazungu. Kazi yangu ni kufua. Slipingi begi ikishuka mlimani imelaliwa wiki nzima na mtu ambaye hajaoga, na kama ni ya manyoya haikamuliwi kama shuka, unaibonyeza taratibu kwenye beseni la sivyo manyoya yanajikusanya yanakuwa madonge, halafu ikianikwa kila baada ya muda unaenda kuyachambua kwa vidole, donge moja moja, mpaka begi lijae tena. Jua likigoma inachukua siku na zaidi. Na mifukoni usiingize mkono kichwa kichwa, nimetoa maganda ya pipi, soksi moja ya mguu wa kushoto, vidonge vya kichwa, vijiwe vyeusi vya huko juu.

Saa saba nikafunua hotipoti yangu ya kiburu, zile ndizi na maharage za Wachaga, na hapo hapo akaingia yule kaka.

Katoka Dar, mtoto wa mjini kabisa, yuko na kundi la kupanda kwa njia ya Marangu wafike kileleni tarehe 9, siku ya Uhuru. Safi. Akaanza na majaketi. Jekundu, hapana, kwenye picha litamwaka. Jeusi linamfanya mwembamba. La bluu akalipenda ila zipu ya mfuko ngumu, akalivua, akarudi kwenye jekundu, akanipa simu nimpige picha, akazituma kwa mtu, tukakaa tunasubiri huyo mtu ajibu. Kiburu kinapoa. Nikamwambia kaka, usiku wa kwenda kileleni mnatoka kambi ya Kibo kama saa sita usiku, giza totoro, hiyo rangi haoni mtu. Akacheka akasema dada wewe hujui biashara.

Tukaja kwenye suruali nzito. Hataki. Baridi anaijua, alisoma Mafinga. Nikamwambia Mafinga watu wanalima, kule mita 5,895 maji kwenye chupa yanaganda ukiwa umeibeba. Hataki, ina mvuto gani ile, kama pajama. Nikamkumbusha Luteni Nyirenda alipandisha mwenge na bendera kule juu usiku wa kuamkia Uhuru 1961, unadhani alipanda na jinzi? Kimya kidogo. Akauliza bei. Nikamtajia. Akataka nusu bei kwa sababu sisi ni wabongo wenzake. Nikamwambia bei ya wabongo ndiyo hiyo hiyo niliyokutajia. Akapiga simu kwa mwenye duka, mama akamtajia ile ile. Viatu alivaa jozi sijui ngapi, nikamwomba akate kucha za miguu kabla ya kupanda maana kwenye kushuka vidole vinagonga mbele mpaka kucha zinakufa, akaniangalia kama nimemtukana.

Katikati ya yote hayo, amevaa glovu zangu mkono mmoja, ananiuliza, "Sista, lakini kweli, huu mji mnaishije? Jioni mnaenda wapi?"

Sikumjibu, nilikuwa natafuta glovu ya pili.

Alipotoka ilishapita saa tisa, suruali kachukua, bei kamili, na mvua imeanza na slipingi zote ziko kambani. Hapo sina saa tena, ni kukimbia.

Jioni ndiyo napenda. Mvua imekatika, Koasta zinashuka kutoka geti la Mweka, unasikia nyimbo kabla hujaona gari, na wagumu wanaingia dukani na vifaa vya wateja wao, matope mpaka magotini. Wapagazi hawa hakuna anayewauliza habari za huko juu, wanaulizwa wazungu, kwa hiyo ukiwauliza wanamwaga zote. Jana dada mmoja mgumu, mfupi kuliko mimi, katupa begi lake la daffle chini akaanza kusimulia jinsi hema la chakula lilivyong'oka na upepo kule kambi ya Barafu usiku, wakalikimbilia wanne na mpishi akiwa bado ndani ameshika sufuria ya supu, hakumwaga hata kidogo. Alikuwa anaigiza mpishi alivyoishika. Nililia kwa kucheka. Mzigo wa mteja wake kilo 20, nikaupima pamoja na ule wa mgongoni mwake mwenyewe, zaidi. Halafu akaniomba chaja.

Sasa niambieni, Mbagala hiyo stori naipata kibanda gani? Ukisubiri Moshi ikuletee disko utalala kweli saa tatu. Mimi saa tatu bado nachambua madonge, mgongo hauna kwa kuegemea, vidole vimekunjamana kwa maji, na jaribio la uhasibu wa gharama ni Jumatatu sijafungua hata daftari.

Kesho wanachukua vifaa kundi la watu kumi na wanne wa njia ya Lemosho, saa kumi na mbili kamili asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyetuma saizi ya kiatu.