Siku mbili za kupumzishwa

Wakati huo nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi, na shauri lilikuwa la vibarua wa ghala: wapakiaji na wafagiaji. Sheria ilisema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa miezi mitatu ahesabiwe mwajiriwa, apate likizo ya malipo na notisi. Mwajiri alikuwa ameisoma kutushinda sisi. Kila miezi mitatu ilipokaribia kutimia, aliwapumzisha watu siku mbili, kisha akawaita tena wasaini mkataba mpya.

"Kifungu kinasema mfululizo," wakili wake alimwambia msuluhishi. "Hapa kazi ilikatika."

Mimi nilikuja na Mkataba Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unaotaka pawe na kinga dhidi ya mikataba ya muda inayotolewa ili kumnyima mfanyakazi ulinzi. Nikausoma kwa madaha. Msuluhishi akaitikia kwa kichwa, basi. (Sijaona shauri la vibarua lililoshinda kwa sababu ya Geneva, yaliko makao ya shirika hilo.) Kisha akamgeukia mfagiaji mmoja mtu mzima.

"Mama, zile siku mbili, sare na buti uliviacha wapi?"

"Kabatini kwangu, mheshimiwa, kulekule kazini. Ufunguo ninao hapa."

Wakili akaanza kupekua makaratasi. Kazi gani hiyo iliyokatika, na mwenyewe kaachiwa ufunguo?

Mchana upepo uligeuka. Tulidai pia kwamba watu hawakuwa wakipewa hati za mshahara, ambazo sheria ilitaka ziwe za maandishi. Wakili yuleyule akasema shabaha ya sheria ni mtu alipwe, nao walilipwa. Karatasi ni utaratibu tu. Nami, niliyeshinda asubuhi nzima nikihubiri dhamira ya sheria, nikang'ang'ania herufi: imeandikwa, itekelezwe. Tukatazamana, tukacheka. Msuluhishi hakucheka. Aliwauliza wafanyakazi nani anajua makato yake yalihesabiwaje. Hakuna aliyenyoosha mkono, na hoja ya wakili ikaishia hapo.

Jioni tulisaini makubaliano: malimbikizo ya likizo yalipwe, hati zianze kutolewa mwezi uliofuata. Walioacha kazi kabla ya shauri hawakuambulia kitu, ingawa nao walipumzishwa vilevile. Majina yao hayakuwemo kwenye fomu ya madai, na wakili hakukubali kuongeza hata moja.