Hujawahi kugonga mlango

Ijumaa usiku. Shamim kalala, umeme umerudi, na mimi bado niko Jumatatu. Wiki yenyewe imepita na mambo yake: Faridah kaolewa, mfumo wa forodha uligoma siku mbili trela zikajipanga mpaka kule kwenye pampu ya mafuta, Baba Shamim kafika Juba salama, na bosi kaniambia kuanzia mwezi ujao dawati la mizigo ya Kongo ni langu. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo nina neno moja limenikwama kama mwiba wa ngege.

Mnajua kwamba tangu mtoto wa jicho amfunike Shangazi, kila jioni namsomea. Macho yangu yanapita kwenye Kiingereza, mdomo unatoa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili ndicho lugha yake ya kazi. Alikikuta alipokuwa polisi, kambini Nsambya kule Kampala, enzi zile polisi na jeshi waliamrishana kwa Kiswahili kitupu, na mpaka leo akihesabu pesa au akigomba na mtu hutamsikia kwa lugha nyingine. Tulianza na magazeti, yakamchosha. Ndipo nikamletea vitabu vyangu, hadithi za wapelelezi wanawake wenye roho ngumu na ulimi mwepesi, ninazozipenda tangu nikiwa sekondari.

Wa kwanza alikuwa Stephanie Plum wa Janet Evanovich, aliyeanza kutoka mwaka 1994. Msichana wa Trenton, New Jersey, kapoteza kazi ya kununulia duka nguo za ndani, gari lake limechukuliwa kwa deni, anaamua kuwakamata watoro wa dhamana kwa niaba ya binamu yake. Shangazi alinisimamisha ukurasa wa pili.

"Nani kampa pingu?"

Ikabidi nieleze. Kule Marekani, kwenye majimbo mengi, mshtakiwa anaweza kumlipa wakala kama asilimia 10 ya dhamana, wakala akasimama badala yake mahakamani. Mshtakiwa akitoroka, hasara ni ya wakala, kwa hiyo anatuma mtu akamlete. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwetu unakuja na wadhamini wanaojulikana, kitambulisho, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yule wa kijiji. Na bondi ya polisi ni bure. Andika hilo."

"Siandiki, Shangazi, nasoma."

"Andika."

Nimeandika.

Lakini tulipofika pale Bibi Mazur anapochukua bastola ya mjukuu wake mezani, chakula kimeshapakuliwa, akamfyatulia kuku wa kuokwa, Shangazi alishika nguzo ya baraza ili asianguke. Alicheka mpaka kikohozi kikamjia. Alipopata pumzi akauliza ile risasi nani aliiandika kwenye kitabu, maana wao kila risasi ilihesabiwa bunduki ikirudi ghalani.

Kinsey Millhone, mpelelezi wa Sue Grafton, Shangazi alimpenda kuliko wote, kwa kuwa naye aliwahi kuvaa sare ya polisi akaivua, ana gauni moja tu jeusi la shughuli zote na nywele anajikata mwenyewe kwa mkasi wa kucha. Nilimwambia kwamba Sue Grafton alianza na herufi A mwaka 1982, kila kitabu herufi yake, akafariki Desemba 2017 akiwa amefika Y, na familia yake ikasema basi alfabeti inaishia hapo. Shangazi alikaa kimya kidogo. "Alimaliza zamu yake," akasema. Nilimpenda sana saa ile.

Sasa Jumatatu.

Tulikuwa tumehamia kwa Mma Ramotswe, mama wa Gaborone aliyeuza ng'ombe alioachiwa na baba yake akafungua ofisi ya upelelezi chini ya mlima Kgale. Kitabu ni cha mwaka 1998, mwandishi Alexander McCall Smith, na nakala yangu niliinunua Kampala kando ya barabara, haina jalada. Shangazi alishampenda kwa ile "Mma" tu, kwamba huko mwanamke mzima haitwi kwa jina tupu. Tukafika kwenye kesi ya binti mmoja ambaye mwanamume kamjia akidai ni baba yake aliyepotea tangu utotoni. Mzee anakula, analala, anapikiwa. Binti ana shaka. Mma Ramotswe anaazima sare ya nesi, anaendesha kigari chake kidogo cheupe mpaka kwenye ile nyumba, anamwambia mzee: binti yako kapata ajali, yuko hospitali, anahitaji damu ya mzazi wake, tena nyingi, na huenda wewe usipone.

Mimi nilianza kucheka kabla ya kumaliza, kwa sababu najua kinachofuata. Nilicheka kwa sauti. Shangazi alikuwa ameshika kikombe chake cha bati, kile cha kijani kilichobanduka rangi mdomoni. Akakiweka chini.

"Unacheka kwa sababu hujawahi kugonga mlango."

"Shangazi, ni hadithi tu."

"Najua ni hadithi."

Akainuka, akapapasa ukuta, akaingia ndani. Kikombe kilibaki. Nilikaa nacho mpaka chai ikafanya ngozi juu, ile ngozi ya maziwa inayojikunja ukiipulizia. Sikuimwaga. Niliifunika kwa sahani kana kwamba angerudi kuimalizia.

Jumanne nzima kazini nilikuwa nayo. Dereva ananipa karatasi zake, namuuliza ana ngapi, akilini nasikia *hujawahi*. Nikajiuliza uzito aliuweka wapi. Kama ulikuwa kwenye "unacheka", basi amenitukana. Kama ulikuwa kwenye "hujawahi", basi amenihurumia. Jumatano, kwenye foleni ya benki, nikagundua sivyo kabisa, uzito ulikuwa kwenye "kugonga". Kwa nini kugonga? Sisi hatugongi milango. Sisi tunapiga hodi. Shangazi mwenyewe, tangu nimjue, hodi yake inaanzia kwenye mwembe wa jirani.

Na jibu langu ndilo lililoniuma zaidi. "Ni hadithi tu." Mtu gani anayependa hadithi anasema hivyo? Mimi ambaye nimewabeba hawa wanawake tangu shule ya bweni, nikiwasoma kwa tochi chini ya blanketi, nimewakana mara moja mbele ya mtu ninayetaka awapende.

Jibu la kweli lilinijia Jumatano usiku nikiosha vyombo, siku mbili baada ya kuhitajika. Ningemwambia: sijawahi kugonga, lakini nimekuwa ndani. Wenzangu wa zamani hapa mnaijua habari ya kifo cha baba yangu kwenye barabara ya Tororo. Ambalo sijawahi kuliandika ni kwamba aliyekuja kutuambia alikuwa Shangazi, dada yake wa tumbo moja, katika sare, kofia kwapani. Nilikuwa na miaka saba. Aligonga mara tatu. Mama alikuwa anakanda unga, akasimama na mikono yake myeupe, wala hakusema karibu. Akaniangalia mimi, akauangalia mlango. Nadhani alijua pale pale, kwa sababu dirishani alishaona kofia, na mwenye kofia ile hajawahi kuja kwetu bila hodi.

Basi nilikuwa na hasira, nasema ukweli. Hasira ya mtu aliyeambiwa hajui kitu anachokijua.

Jana mvua ilinyesha tangu alasiri. Nilipeleka chai, nikaketi, kitabu sikukitoa. Mabati yanapiga kelele, hatusemi. Mara Shangazi:

"Yule mama wa Botswana bado yuko mlangoni?"

"Bado yupo."

"Siku tatu? Mtamuua kwa baridi."

Nikacheka, naye akacheka, na kabla sijafungua kitabu akaanza yeye.

Ilikuwa miaka ya 1980, katika kituo kimoja cha huku mashariki. Mtu kagongwa na lori usiku, kafa palepale. Mfukoni mwa koti lake kuna tikiti ya kodi, ile ya kichwa ambayo wanaume walitembea nayo badala ya kitambulisho, ina jina na kijiji. Shangazi kama kawaida ndiye anatumwa, kwa sababu wanaume wa kituo walisema habari ya kifo inafaa ipelekwe na mwanamke. Akaendesha baiskeli njia nzima akifanya mazoezi ya maneno yake. Kufika, akagonga. Mlango ukafunguliwa na mwanamume mwenye fulana, anatafuna kiazi.

"Hapa ni kwa fulani?"

"Hapa."

"Wewe ni nani wake?"

"Ni mimi mwenyewe."

Shangazi anasema akili ilishaelewa, lakini ulimi ulikuwa umefanya mazoezi mno, haukuzuilika.

"Pole sana. Umefariki."

Yule mtu akameza kiazi. "Lini?"

"Jana usiku."

"Jana usiku nilikuwa kwa shemeji tunakunywa malwa."

"Ana ushahidi?"

Hapo mke aliyekuwa uani, ambaye ameona sare na kusikia neno moja tu, akapiga ukunga. Majirani wakaja mbio, wengine na kuni, mmoja na kuku. Kumbe koti lilikuwa limeibwa sokoni wiki iliyotangulia. Walipomaliza kueleweshana, jua limezama, kuku kashachinjwa, ikaonekana ni vibaya kumrudisha akiwa amechinjwa. Marehemu mwenyewe ndiye aliyempakulia Shangazi paja.

Shangazi alikuwa analia kwa kicheko, mimi niko chini kwenye mkeka. Halafu akajifuta kwa ncha ya kitenge.

"Lakini mwizi wa koti naye alikuwa na kwao. Nilitafuta siku mbili. Mlango wa mwisho alifungua mtoto."

Mvua ilikuwa imepungua. Nikamuuliza, kwa kuwa nisingelala tena bila kujua: kwa nini kugonga, kwa nini si hodi?

"Ukipiga hodi watakujibu nini?"

"Karibu."

"Sasa utawaachaje watu wakukaribishe, na wewe umebeba kile? Tangu mara ya kwanza niliona ni kuwaibia. Nikawa nagonga. Angalau wakija kufungua hawajasema neno la furaha."

Sikumwambia kuhusu mikono ya mama yenye unga. Alikuwepo, aliiona. Nilimshika kiganja, tukakaa hivyo muda, kisha akanisukuma kwa kiwiko. "Soma."

Nikamtoa Mma Ramotswe mlangoni. Mzee tapeli anasikia habari ya damu, anasikia kwamba huenda asipone, baba mwenye mapenzi anageuka papo hapo: mimi si baba yake. Shangazi akapiga makofi mara moja, kavu. Akataka nirudie. Nikarudia, sasa namfanyia mzee sauti ya puani. Anasema huyo mama ana kipaji, polisi wangemchukua, maana amempa mwongo njia mbili akamwacha achague mwenyewe. Kisha akafikiri.

"Ila sare airudishe kwa mwenyewe. Leo leo."

Leo jioni tumeanza sura nyingine, na kikombe kilirudi kitupu. Bado nasikia lile neno la Jumatatu, lakini sasa nalisikia likiwa na baiskeli nyuma yake, na mtu wa fulana anayetafuna kiazi. Jinsi yanavyokaa pamoja siwezi kueleza. Nimejaribu aya mbili hapa nikazifuta.

Mbuzi wetu mweusi, yule mwenye mimba, hajala tangu asubuhi. Amelala upande mmoja na kulia kwake kumebadilika. Nimempigia daktari wa mifugo mara nne, simu imezimwa. Natoka tena na tochi kumwangalia.