Damu inayotafutwa Brussels, na kwa nini siruhusiwi kuitoa

Hapa Brussels ninapoishi, watoto wenye ugonjwa wa seli mundu, ambao kwetu Lubumbashi tumezoea kuwaita watoto wa SS, hutafutiwa damu ya watu wenye asili ya Afrika. Makundi ya ABO aliyoyagundua Karl Landsteiner mjini Vienna mwaka 1901 ni sehemu tu ya hesabu. Katika Rh, mfumo mwingine wa makundi ya damu, aina iitwayo Ro ni ya kawaida kwetu na adimu kwa Wazungu. Tena wengi wetu hatuna alama ya Duffy juu ya chembe nyekundu, hali inayomkinga mtu na malaria ya Plasmodium vivax. Mtoto anayetiwa mara kwa mara damu isiyofanana na yake huenda akatengeneza kingamwili dhidi ya damu hiyo, na tangu hapo kumpatia mfuko unaomfaa huwa kazi ngumu.

Damu ya namna hiyo ninayo, na utafiti wangu ni wa damu, lakini kuitoa siruhusiwi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 inamtaka mtu aliyeishi eneo la malaria katika miaka 5 ya kwanza ya maisha yake asubiri miaka 3 tangu aliporudi kutoka huko mara ya mwisho. Muda huo hupungua hadi miezi 4 kipimo kikiwa safi, ila sisi tuliokulia Katanga kingamwili zetu za malaria, ambazo kipimo huweza kuzinasa, hazifutiki upesi, na anayekwenda kumsalimu mama yake kila likizo hiyo miaka 3 hataimaliza kamwe. Kanuni yenyewe siilaumu, kwa kuwa malaria hupita katika damu na mgonjwa wa Ulaya hana kinga nayo.

Nilisomea udaktari Lubumbashi. Katika wodi ya watoto nilizoea kumwona baba akitoka mbio kutafuta shemeji au jirani wa kutoa damu, huku mtoto mwenye malaria kali akizidi kuwa mweupe viganjani. Nilikuja Ubelgiji kujifunza kuhifadhi damu, elimu yenye historia ndefu mjini hapa: ni hapa Albert Hustin alipomtia mgonjwa damu iliyozuiwa kuganda kwa sitrati, mwaka 1914. Siku hizi chembe nyekundu hukaa katika frigo hadi siku 42. Swali lililonibakiza maabara lilikuwa jingine, yaani kama damu adimu inaweza kuoteshwa.

Inaweza, lakini kwa shida. Seli shina za damu, yaani seli changa ambazo chembe za damu hutokana nazo, hulishwa kwa majuma kadhaa mpaka zitupe kiini chake na kuwa chembe nyekundu kamili. Watafiti wa Paris walichapisha mwaka 2011 habari za mtu aliyerudishiwa chembe zake mwenyewe zilizooteshwa hivyo. Mwaka 2022 Waingereza wakatangaza kwamba watu wawili wa kujitolea wametiwa chembe za maabara zilizotokana na damu ya mtu mwingine. Kipimo chao kilikuwa kijiko kidogo kimoja au viwili! Mfuko mmoja wa hospitali una chembe karibu trilioni 2, na chakula cha seli ni ghali mno, kwa hiyo nadhani njia hii itawafaa kwanza wenye damu adimu, wala haitachukua nafasi ya wachangiaji.

Jamaa zangu huniuliza kwa WhatsApp kuhusu tiba ya seli mundu ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza mwishoni mwa mwaka 2023. Marekani bei yake ni dola milioni 2.2. Mimi huwaelekeza kwanza kwenye vidonge vya hidroksiurea: utafiti wa nchi nne za Afrika, uliochapishwa mwaka 2019 na Léon Tshilolo wa Kinshasa pamoja na wenzake, ulionyesha kwamba watoto waliovitumia walipungukiwa na maumivu, malaria, haja ya kutiwa damu, na vifo pia.

Wanafunzi wa Lubumbashi wanaoniandikia nao wanavutiwa na seli shina kuliko benki ya damu, na ninawaelewa. Hata hivyo ninawashauri waanzie kwenye meza ya kulinganisha damu ya mgonjwa na ya mchangiaji, kwa sababu aliyepandikizwa uboho, yaani seli shina hizo za damu, huishi majuma kadhaa kwa chembe nyekundu na chembe sahani (zile zinazogandisha damu) za watu wengine, na mji ambao frigo yake ya damu hulala bila umeme hauwezi kumvusha majuma hayo.